ABEBE BIKILA, ASKARI ALIYEKIMBIA MIGUU MITUPU

Kila muhula, siku za mashindano zinapokaribia, baadhi yetu huonekana barabarani alfajiri, kabla kengele haijalia, wakifanya mazoezi ya mbio. Siku ya kwanza huwa kundi kubwa. Siku ya pili kundi limepungua. Juma likiisha hubaki wawili au watatu tu, na mara nyingi hao wawili watatu ndio wanaopata zawadi. Walioacha hujifariji kwa kusema kwamba wenzao wamezaliwa na miguu ya mbio. Kwa sababu ya maneno hayo nimeona vema kueleza habari za mtu ambaye wengi humtaja kuwa mfano wa kipaji cha kuzaliwa, hali maisha yake yakitazamwa vizuri yaonyesha jambo jingine kabisa. Mtu huyo ni Abebe Bikila wa Ethiopia, mshindi wa mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1960 na ya mwaka 1964.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, karibu na mji wa Debre Berhan, katika nchi ya Shewa. Kwa bahati, siku hiyohiyo mbali sana, katika mji wa Los Angeles huko Marekani, marathoni ya Olimpiki ilikuwa ikikimbiwa, na mshindi alikuwa kijana wa Argentina aitwaye Juan Carlos Zabala. Katika Jato hapakuwa na mtu aliyejua habari hiyo. Wazazi wa Abebe walikuwa Waoromo, na baba yake alikuwa mchungaji. Mtoto naye alichunga mifugo kama watoto wengine wa kijiji, akacheza michezo yao, akakua katika nyanda za juu ambako baridi ya asubuhi huuma na kila safari huwa ya kupanda au kushuka.

Alikuwa na umri wa miaka mitatu tu majeshi ya Waitalia yalipoingia Ethiopia, Oktoba 1935. Mwezi wa Mei 1936 waliuteka mji mkuu wa Addis Ababa, na Mfalme Haile Selassie akakimbilia Uingereza. Watu wengi waliuawa, na wengi walihama makwao. Jamaa za Abebe nao walilazimika kuhamia mahali pa mbali kwa muda. Mwaka 1937 Waitalia waling'oa mnara mkubwa wa jiwe katika mji wa kale wa Axum, wakausafirisha mpaka Rumi na kuusimamisha huko ili uwe alama ya ushindi wao. Naomba msomaji aukumbuke mnara huo, kwa maana tutakutana nao tena. Vita viliendelea hata mwaka 1941, Waitalia waliposhindwa na Mfalme akarudi katika kiti chake.

Alipokuwa kijana, Abebe alikwenda Addis Ababa kutafuta kazi, akaandikwa askari katika Jeshi la Walinzi wa Mfalme. Hapo ndipo mbio zake zilipoanza kuwa mbio kweli. Alikuwa akitoka vilima vya Sululta, kaskazini ya mji, akikimbia mpaka Addis Ababa na kurudi, mwendo wa kilomita 20 kwa siku. Habari moja husimuliwa juu ya siku hizo. Mwaka 1956 Ethiopia ilipeleka wachezaji katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne. Waliporudi walipita katika gwaride, na migongoni mwao limeandikwa jina la nchi yao. Abebe aliwatazama akauliza hao ni akina nani. Alipoambiwa ya kuwa ni watu waliokwenda kuiwakilisha Ethiopia katika michezo ya dunia, naye akatamani kuvaa nguo kama hiyo.

Kutamani ni jambo rahisi. Hata sisi hutamani. Lakini katika jeshi hilo alikuwako mtu aliyejua jinsi ya kuigeuza tamaa kuwa kazi. Jina lake Onni Niskanen, mzaliwa wa Finland aliyekulia Sweden, ambaye serikali ya Ethiopia ilimwajiri kufundisha michezo. Niskanen alikuwa mkimbiaji yeye mwenyewe, tena mtu wa mpango na wa kuandika mambo yake. Hakuwaambia askari wake wakimbie tu mpaka wachoke. Siku nyingine aliwapa mbio ndefu za barabarani na za nyikani, kupanda na kushuka vilima. Siku nyingine aliwapeleka kiwanjani wakimbie masafa mafupi kwa kasi, wapumzike kidogo, warudie tena na tena. Tena aliwaingiza katika chumba cha mvuke wa moto, kama ilivyo desturi ya watu wa Finland, ili miili ilegee na kupumzika. Saa yake ilikuwa mkononi daima, na kila aliyekimbia alijua leo amepungukiwa au amezidi.

Kuna jambo la elimu hapa ambalo wanafunzi wa biolojia watalifahamu upesi. Mji wa Addis Ababa uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya futi 7,500. Mahali pa juu namna hiyo hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko pumzi ya mtu wa pwani. Mwili ukikaa huko hujitengeneza wenyewe: huongeza chembe nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kuichukua oksijeni na kuipeleka kwenye misuli. Mtu aliyezoea hali hiyo akishuka nchi za chini, huko pumzi humtosha na kuzidi. Basi milima ilimsaidia Abebe, hilo ni kweli. Lakini milima hiyohiyo ilikuwa nyumbani kwa maelfu ya watu wengine, na wote hawakuwa mabingwa. Tofauti ilikuwa katika zile asubuhi nyingi za mazoezi.

Mwezi wa Julai 1960, Abebe alikimbia marathoni yake ya kwanza katika Addis Ababa, akashinda. Mwezi uliofuata alishinda tena, kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 23. Saa hiyo ilikuwa njema kuliko rekodi ya Olimpiki ya wakati ule, saa 2, dakika 23 na sekunde 3, iliyowekwa na Emil Zátopek wa Czechoslovakia mwaka 1952. Naye Abebe aliipata akikimbia katika hewa ile nyepesi ya juu. Niskanen alielewa maana yake, lakini katika nchi za Ulaya hapakuwa na mtu aliyelitambua jina la askari huyu. Mwaka huohuo, mwezi wa Machi, Abebe alikuwa amemwoa Yewebdar Wolde-Giorgis. Basi alimwacha nyumbani mke wa miezi michache, akaenda Rumi.

Katika Rumi alinunua viatu vipya vya kukimbilia, lakini havikumkaa vizuri. Vilimbana na kumtoa malengelenge. Mkimbiaji wa marathoni mwenye malengelenge ni kama dereva mwenye tundu katika gurudumu: anaweza kuondoka, lakini kufika ni mashaka. Yeye na mwalimu wake wakashauriana, wakakata shauri kwamba afadhali akimbie miguu mitupu, maana nyumbani alikuwa amezoea kufanya mazoezi hivyo. Watu wengi hudhani kwamba alikimbia bila viatu kwa kuwa hakupata kuviona. Sivyo. Vilikuwako, akavipima, akaona vitamharibia kazi ya miaka, akaviacha.

Marathoni ilikimbiwa Jumamosi tarehe 10 Septemba 1960. Kwa ajili ya joto la mchana, wenyeji waliianzisha saa kumi na moja na nusu jioni. Tena haikuanza wala kuishia ndani ya kiwanja cha michezo kama ilivyokuwa desturi. Ilianzia chini ya kilima cha Capitolino, ikapita katika njia za mji na katika barabara ya kale iitwayo Via Appia, iliyotengenezwa kwa mawe na Warumi wa zamani, ikaishia penye Tao la Konstantino. Urefu wake ni kilomita 42 na mita 195, ambazo ni maili 26 na yadi 385.

Niskanen alikuwa amempa mwanafunzi wake majina na namba za watu wa kuwaangalia. Mmoja alikuwa Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, ambaye angevaa namba 26. Abebe mwenyewe alivaa namba 11. Mbio zikaanza, naye hakutoka mbele kwa pupa. Aliwaacha wengine waongoze, akawa anawapita mmoja mmoja huku akiitafuta namba 26. Hakuiona. Walipofika karibu na nusu ya njia, yeye na mtu mwingine mmoja walikuwa wamewaacha wenzao wote nyuma, wakaenda sambamba, bega kwa bega, na Abebe bado akitazama mbele akidhani kwamba namba 26 yuko huko. Kumbe mtu aliyekimbia ubavuni pake ndiye Rhadi mwenyewe! Rhadi alikuwa amevaa namba 185, aliyoitumia katika mbio nyingine siku chache kabla, na ile 26 hakuivaa. Hivyo Abebe akazidi kumfukuza mtu aliyekuwa naye tayari.

Giza likaingia. Kandokando ya barabara askari walisimama wameshika mienge kuwamulikia wakimbiaji njia. Hapakuwa na kelele za kiwanjani. Watu waliokuwa karibu waliona watu wawili wa Afrika wakipita kwa kasi katika mwanga wa moto, mmoja wa kaskazini ya Sahara na mmoja wa mashariki, na nyayo za huyu wa pili zikigusa mawe bila kiatu. Kilomita zikaisha moja baada ya nyingine, wala hapakuwa na aliyemwacha mwenzake.

Basi walipokaribia mwisho, wakaukuta mnara wa Axum. Ulikuwa umesimama palepale Waitalia walipousimamisha mwaka 1937, karibu na njia ya mbio. Karibu na mahali hapo Abebe aliongeza mwendo. Rhadi alijaribu kumfuata asiweze. Abebe akafika penye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, na Rhadi akafika sekunde 25 baadaye. Wa tatu alikuwa Barry Magee wa New Zealand. Hapana mtu aliyepata kukimbia marathoni kwa wakati mfupi hivyo. Saa ya Abebe ilikuwa chini ya ile bora ya dunia, ya Sergei Popov wa Urusi, kwa sehemu ya sekunde moja tu. Ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Naye aliipata katika mji mkuu wa watu walioiteka nchi yake alipokuwa mtoto.

Aliporudi Addis Ababa alipokewa kwa shangwe, Mfalme akampa nishani na kumpandisha cheo. Lakini sifa ya mtu haimkingi na mambo ya dunia. Mwezi wa Desemba mwaka uleule 1960, Mfalme akiwa safarini Brazil, wakuu wa Jeshi la Walinzi walijaribu kuipindua serikali. Mapigano yalifanyika ndani ya mji, na baada ya siku chache waasi wakashindwa. Abebe hakushiriki katika uasi huo, lakini kwa kuwa alikuwa askari wa jeshi lilelile alikamatwa na kuhojiwa, kisha akaachwa huru. Miezi mitatu kabla yake alikuwa akibebwa juu kwa juu. Sasa alikuwa mtu wa kujieleza mbele ya wakubwa. Alipotoka alirudi kwenye mazoezi.

Mwaka 1961 alishinda marathoni tatu katika nchi tatu: Athens huko Ugiriki, Osaka huko Japani, na Košice huko Czechoslovakia. Mwezi wa Aprili 1963 akaenda Boston huko Marekani pamoja na mwenzake katika jeshi, Mamo Wolde. Huko walianza kwa kasi sana, wakaongoza sehemu kubwa ya njia, watu wakadhani mambo yamekwisha. Halafu vikaja vilima vya mwisho na upepo wa baridi kutoka baharini. Miguu ya Abebe ikakaza. Aurèle Vandendriessche wa Ubelgiji akampita akashinda, na Abebe akamaliza wa tano kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 43. Naitaja habari hii kwa sababu wanaosimulia maisha yake huipita haraka. Bingwa wa dunia alipanga vibaya mwendo wake siku ile, akalipa. Lakini hakuacha njiani, alimaliza.

Ikafika Michezo ya Tokyo ya mwaka 1964. Tangu michezo hiyo ilipofufuliwa mwaka 1896, hapakuwa na mtu aliyepata kuishinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Abebe alikuwa katika mazoezi ya mwisho alipoanza kusikia maumivu ya tumbo. Madaktari wakaona kwamba ni kidole tumbo, na tarehe 16 Septemba wakampasua na kukiondoa. Marathoni ilikuwa tarehe 21 Oktoba. Zilibaki juma tano tu, na mtu aliyepasuliwa tumbo katika siku zile alishauriwa kutulia kitandani. Abebe alianza kutembea katika uwanja wa hospitali, kisha kukimbia polepole, na timu ilipoondoka kwenda Japani naye akaondoka.

Siku ya mbio alivaa viatu na soksi. Mwanzoni waliongoza Ron Clarke wa Australia na Jim Hogan wa Ireland, naye akawa pamoja nao. Clarke akachoka akabaki nyuma. Baada ya nusu ya njia Hogan naye akaanza kuachwa, na kutoka hapo Abebe akawa peke yake barabarani, akikimbia kichwa kimetulia, mabega hayayumbi, kama mtu anayekwenda zake sokoni asubuhi. Aliingia kiwanjani mbele ya maelfu ya watu kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Wa pili, Basil Heatley wa Uingereza, alifika zaidi ya dakika nne baadaye, baada ya kumpita Kokichi Tsuburaya wa Japani ndani ya kiwanja kilekile. Heatley ndiye aliyekuwa na saa bora ya dunia mpaka siku ile, saa 2, dakika 13 na sekunde 55, aliyoiweka mwezi wa Juni. Wenziwe walipokuwa wakiwasili na kuanguka kwa uchovu, Abebe alikuwa amekwisha shuka katika majani katikati ya kiwanja, analala chali na kunyosha miguu, anafanya mazoezi ya viungo kana kwamba bado anajiandaa kuanza. Yale majuma matano tangu kupasuliwa watu hawakuyaona. Waliyaona mazoezi haya ya kiwanjani tu.

Mfalme alimpandisha cheo tena, akampa na motokaa nyeupe aina ya Volkswagen. Mwaka 1965 alishinda katika Japani, na mwaka 1966 akashinda katika Zarautz huko Hispania na katika Seoul huko Korea. Lakini miaka ilikuwa ikisonga. Alipokwenda Michezo ya Mexico mwaka 1968, mguu wake ulikuwa umekwisha umia. Tarehe 20 Oktoba alianza pamoja na wenzake, akavumilia mpaka kama kilomita 17, kisha akatoka. Mamo Wolde, yule aliyekuwa naye Boston, akaendelea, akaipatia Ethiopia medali ya dhahabu kwa mara ya tatu mfululizo.

Katika mbio hizohizo alikuwamo Mtanzania, John Stephen Akhwari. Njiani alianguka akaumia vibaya goti, lakini akalifunga bendeji akaendelea, akikimbia kidogo na kutembea kidogo. Wakimbiaji 75 walianza siku ile, na 57 wakamaliza. Akhwari ndiye aliyekuwa wa 57. Aliingia kiwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo, jua limekwisha kuchwa na watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao. Mimi sioni kwamba Abebe alikosea kutoka wala kwamba Akhwari alimshinda ushujaa. Kila mmoja alikuwa na jeraha lake, na kila mmoja alilijua mwenyewe. Ila ni vema kijana wa Afrika ya Mashariki ajue kwamba siku moja, katika barabara moja, palikuwa na bingwa aliyelazimika kusimama na mtu wa mwisho aliyekataa kusimama.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha ile motokaa aliyopewa. Ikamshinda ikapinduka, naye akanaswa ndani mpaka asubuhi alipotolewa. Shingo na uti wa mgongo vilikuwa vimeumia, na mwili haukuweza kujongea, miguu wala mikono. Siku chache baadaye alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, iliyokuwa na sifa ya kuwatibu watu walioumia uti wa mgongo. Alikaa huko miezi minane. Mikono ikarudi kufanya kazi. Miguu haikurudi. Miguu ambayo dunia nzima iliistaajabia pale Rumi haikumbeba tena mpaka kufa kwake. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Sasa hapa ndipo maisha yake yanapotuuliza swali gumu. Mtu aliyejulikana kwa kukimbia, akinyang'anywa miguu, abaki nani? Katika hospitali ile alikuwako daktari aitwaye Ludwig Guttmann, ambaye tangu mwaka 1948 alikuwa amewaanzishia wagonjwa wake mashindano ya michezo wakiwa katika viti vya magurudumu, kwa kuamini kwamba mtu aliyepooza miguu bado ni mtu mzima mwenye kazi ya kufanya. Kutokana na mashindano hayo ilizaliwa Michezo ya Olimpiki ya walemavu tunayoisikia hata leo. Abebe akaanza tena, kama alivyoanza katika vilima vya Sululta. Akajifunza kupiga mshale kwa upinde, akajifunza kucheza tenisi ya meza, na mwaka 1970 akashindana katika michezo ya Stoke Mandeville. Mwaka 1971 alialikwa Norway kama mgeni wa heshima katika michezo ya walemavu, lakini hakuridhika kukaa kama mgeni. Alishindana naye, na katika mbio za magari ya theluji yanayokokotwa na mbwa akawashinda wenzake wote. Mtu wa Ethiopia, nchi isiyojua mbwa wa theluji!

Mwaka 1972 alialikwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Munich. Watu walisimama kumshangilia alipoingia katika kiti chake cha magurudumu. Frank Shorter wa Marekani, mshindi wa marathoni, alikwenda kumpa mkono, na Mamo Wolde safari hii akapata medali ya shaba. Abebe hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 katika Addis Ababa kwa kuvuja damu katika ubongo, matokeo ya ile ajali. Alikuwa amefikia cheo cha kapteni, mwenye umri wa miaka 41, na alimwacha mjane na watoto wanne. Mfalme mwenyewe alihudhuria mazishi pamoja na umati mkubwa wa watu, na nchi yote ikaomboleza.

Mnara wa Axum ulibaki Rumi miaka mingi baada ya Abebe kufa. Mwaka 2005 Waitalia waliurudisha Ethiopia vipande vipande, na mwaka 2008 ukasimamishwa tena mahali pake pa asili. Njia aliyoifungua imepitwa na wengi. Mwaka 1996 Fatuma Roba wa Ethiopia alishinda marathoni ya wanawake huko Atlanta. Na kati ya wanaume wote waliokimbia marathoni ya Olimpiki mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024, watatu tu wameshinda mara mbili: Abebe Bikila, Waldemar Cierpinski wa Ujerumani ya Mashariki, na jirani yetu Eliud Kipchoge wa Kenya.

Msomaji, picha ya Abebe inayojulikana zaidi ni ile ya Rumi, usiku, miguu mitupu. Ni picha njema, lakini yaweza kutudanganya. Yaweza kumfanya mtu adhani kwamba mchungaji aliamka siku moja akakimbia akashinda. Haionyeshi barabara ya Sululta, wala saa ya Niskanen, wala Boston, wala kitanda cha hospitali kabla ya Tokyo. Na hasa haionyeshi kiti cha magurudumu, ambamo alianza kujifunza upya akijua ya kuwa hatavunja tena rekodi yo yote ya mbio.

Muhula ujao alfajiri zitakuwa za baridi kama kawaida, na kundi la barabarani litapungua siku ya pili kama kawaida. Atakayebaki nyuma kitandani asiseme kwamba wenzake wamezaliwa na miguu ya mbio. Aseme kweli, kwamba blanketi ni zuri. Na yule atakayetoka, hata akiwa wa mwisho siku ya mashindano, atakuwa ameijua kidogo ile barabara aliyoijua askari wa Jato.